Tairi Chini ya Gitaa

Nyakisasa, Ngara
9 Juni 1996

Mjomba Ansbert,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima pamoja na Mama Nshoma na watoto, na matairi ya malori yaendelee kupasuka mbele ya banda lako hapo Lusahunga, ingawa sijui kama Padri angeniruhusu kuomba dua ya namna hiyo. Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti, hasa asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anachukua jembe. Maharage yametoka vizuri. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha, mmoja akafa. Shida yetu ni kuni. Tangu wakimbizi waje, vilima vya upande wa kambi vimebaki vipara, nasi tunazifuata mbali kama wao. Hatuwalaumu, maana nao wanapika kama sisi.

Mimi bado nafanya kazi kambini Lukole, kwenye gereji ya malori ya chakula. Nafagia, napika chai, jioni nakusanya spana. Naenda Jumatatu, narudi nyumbani Jumamosi.

Sasa nifike nilikokuwa naenda. Pale gereji alikuwepo fundi mmoja Mmarekani, mzee, jina lake Wesi. Alikuja na gitaa ambalo hujawahi kuliona. Mimi mwanzoni nilidhani ni meza ya kupigia pasi. Linasimama kwa miguu minne, nyuzi kumi ziko juu. Hulikumbatii. Unakaa mbele yake kama unayeshona kwa cherehani. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu yake, na chini kuna pedali tatu. Ukikanyaga pedali, nyuzi zinavutika na sauti inapanda taratibu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Siku ya kwanza nilipolisikia, sufuria ya chai ilichemka mpaka ikakauka. Nililia, wala sioni haya kusema.

Wesi alinifundisha mwaka mmoja na nusu, kila jioni, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyemwuliza. Mwezi uliopita mkataba wake ulikwisha, akaliacha kwa kwaya ya kanisa letu la kigango pamoja na spika yake inayotumia betri ya gari. Alimwambia Mwalimu Idefonsi, kiongozi wa kwaya, kwamba mpigaji ni Bernadetha. Mwalimu akatikisa kichwa kwa namna ambayo mgeni hudhani ni ndiyo.

Taabu yangu ni pedali. Ni za chuma kilichong'arishwa, kila moja upana wa vidole vitatu. Mguu wa kushoto unatakiwa ulale juu ya mbili kwa pamoja, halafu ubingirike kutoka hii kwenda ile. Wangu unateleza. Nikivaa kiatu sisikii ninachokanyaga. Nikiwa peku, jasho likitoka tu mguu unachomoka na wimbo unaanguka. Nimejaribu mengi. Nduwayo, fundi cherehani Mrundi wa kambini, alinishonea vifuniko vya turubai, vikazunguka. Nikabandika msasa, ukanila ngozi. Mpira wa ndani wa baiskeli ulipopata jasho ukawa mbaya kuliko chuma chenyewe.

Nataka mpira wa tairi la lori, wenye meno, vipande vitatu. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Nakuomba unikatie wewe. Tarehe 24 Novemba, sikukuu ya Kristo Mfalme, nataka kupiga mbele ya kigango kizima.

Mama anakusalimu. Anasema miaka kumi na mitatu bila kuja kwetu ni mingi kwa mtu aliye umbali wa safari ya asubuhi moja.

Mpwa wako,
Bernadetha


Lusahunga, Biharamulo
14 Julai 1996

Kwa mpwa wangu Bernadetha,

Marahaba. Barua yako nimeipata, ila ilikaa wiki mbili juu ya dashibodi ya lori la mafuta. Dereva aliikumbuka alipopata pancha, ndipo akanikabidhi pamoja na tairi. Kwa hiyo dua yako ilisikilizwa.

Sisi wazima kwa neema za Mungu. Mama Nshoma amefungua kibanda cha chai na mihogo ya kukaanga, madereva wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi. Nshoma amekwenda Runazi kumsaidia mjomba wake dukani. Barabara haipumziki. Malori ya unga yanakwenda, matupu yanarudi, na yote yanapita kwangu yakichechemea. Mpe dada pole ya goti. Ajikande kwa maji ya moto yenye chumvi.

Kuhusu gitaa nimefurahi. Mzungu kukuachia kitu kama hicho si jambo dogo. Lakini nimejiuliza, mwanangu. Matairi yapo kila mahali. Hapo gerejini kwenu yapo kuliko kwangu, na soko la kambi limejaa wauza katambuga. Kwa nini kipande cha mpira kisafiri kutoka Lusahunga? Nikaona labda ulihitaji kitu kingine ukashindwa kukitaja. Msichana mwenye adabu haombi viatu waziwazi.

Basi nimekutengenezea katambuga jozi moja, kwa tairi laini la nailoni lisilo na nyaya ndani. Cha kushoto nimekifanya kwa namna yake. Vivae uende navyo kanisani. Na hilo la kukaa mbele ya watu usilishupalie sana. Kwaya ina nafasi ya sauti pia, na sauti yako nakumbuka ilikuwa nzuri.

Kuja huko nitakuja, kazi ikipungua.

Mjomba wako,
Ansbert


Nyakisasa, Ngara
4 Agosti 1996

Mjomba,

Shikamoo. Tumeamka salama. Mama amejikanda kwa chumvi siku tatu, kisha akasema chumvi ni ya mboga. Mbuzi aliyebaki anakua.

Asante kwa katambuga. Cha kulia kimenikaa vizuri. Cha kushoto nilikiweka sakafuni nikakitazama. Mama naye akakitazama, kisha akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Mjomba, umekikata nusu. Umemtengenezea mtu aliyebaki na kisigino. Mimi nimepoteza vidole vitatu, kidole gumba na viwili vinavyokifuata. Basi. Unyayo wangu upo.

Ndipo nikajua kwamba hujawahi kuuona mguu huu. Uliniacha hospitali kabla bendeji haijafunguliwa, na tangu siku hiyo umekuwa ukiukata huko kichwani mwako mwaka hadi mwaka. Kwanza nilicheka. Halafu nikakasirika, na ninapoandika haya bado nimekasirika.

Wateja wako wa katambuga walio mbali hukuletea mguu wao ukiwa umechorwa kwenye karatasi. Nami nimefanya hivyo. Nimekanyaga karatasi ya daftari, mama akapitisha kalamu kuzunguka. Nimeikunja ndani ya barua hii. Ndio huo. Utazame.

Sikuomba viatu. Sioni haya kuomba, ningeviomba kwa jina lake. Niliomba mpira wa pedali. Na unauliza kwa nini ukate wewe. Kwa sababu wauza katambuga wa kambini hawaujui mguu huu ulivyofika hapa, na wewe unajua.

Sasa mambo yamekuwa magumu. Mwalimu Idefonsi ameamua pedali zifunguliwe, gitaa lipigwe kwa mikono tu, apewe mtoto wa kaka yake. Alisema mbele ya kwaya nzima: "Huyu alicheza na pete ya tairi la lori, tukaona matokeo. Mtoto mtundu hakui. Leo anataka kuchezea mali ya kigango." Watu wakacheka. Unajua jinsi wanavyocheka huku, wanaziba mdomo kwa mkono ili uone kwamba wanakuonea huruma.

Nilisimama. Nikamwambia, "Mwalimu, ngoja Kristo Mfalme. Nitapiga wimbo wa mwisho, beti zote sita. Mguu ukiteleza hata mara moja, nipe spana nifungue pedali mwenyewe. Usipoteleza, pedali zinabaki, nami nabaki nazo." Akakubali mbele ya mashahidi. Tangu siku hiyo anatembea na spana namba kumi na tatu mfukoni mwa koti, anaigusagusa akiniona.

Wanataka kulikata gitaa miguu, mjomba. Mimi wa kukaa kimya kwa hilo hajazaliwa.

Niletee mpira.

Bernadetha


Lusahunga, Biharamulo
15 Septemba 1996

Kwa Bernadetha,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu, malaria ilinilaza siku tisa. Mama Nshoma anakusalimu, na Nshoma amerudi kutoka Runazi amenenepa. Mahindi huku yamekwisha ghalani mapema, watu wanakula mihogo.

Karatasi nimeiona.

Nakutumia vipande vitatu. Nimevikata kwenye tairi la nyuma, mahali ambapo meno bado marefu, hutateleza hata mvua ikinyesha ndani ya kanisa. Fanya hivi: kwaruza chuma cha pedali kwa tupa mpaka kisiwe na mng'ao. Kwaruza na mgongo wa mpira. Paka gundi ya kubandikia viraka pande zote mbili, iliyomo ndani ya kikopo nilichokufungia. Halafu bandika na ugonge kwa nyundo ya mti.

Mwalimu Idefonsi ni mtu mzima. Usibishane naye hadharani. Watu husema, kisha huchoka. Na hayo ya pete ya tairi ni ya zamani, yaliyopita si ndwele. Hata wakifungua hizo pedali, gitaa litabaki gitaa.

Mjomba wako,
Ansbert


Nyakisasa, Ngara
6 Oktoba 1996

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa malaria. Hapa mvua zimeanza, tumepanda. Mama amelala mapema leo, kwa hiyo naandika bila kuulizwa naandika nini.

Mpira wako umeshindwa. Nitakueleza kama fundi kwa fundi. Kwanza umebanduka. Nilifuata maneno yako, nikapaka, nikabandika, nikagonga. Siku ya tatu vikaanza kuchezacheza, siku ya nne kimoja kikabaki kwenye unyayo wangu. Nduwayo alicheka sana aliposikia. Anasema hata mtoto wa fundi baiskeli anajua kwamba gundi ya kiraka haibandikwi mbichi. Unaiacha ikauke mpaka isishike kidole, ndipo unabandika. Wewe ni fundi tairi wa miaka thelathini. Ulisahauje kuniambia jambo hilo?

Pili, ni mzito. Umekata mpira mnene kama wa kukanyagia mawe. Pedali inainama kwa uzito wake, nyuzi zinavutika kabla sijakanyaga, na gitaa linaimba kabla sijaliambia.

Nimefikiri juu ya hilo, na hili ninalosema ndilo ninaloamini. Mikono yako haikukosea. Ulitaka nishindwe. Nikishindwa, pedali zitafunguliwa, nitarudi nyuma ya kwaya, na hakuna atakayetazama mguu wangu wala kuuliza.

Unaandika yaliyopita si ndwele. Ndwele ninayo mimi, naiosha kila jioni. Kwa miaka kumi na mitatu nimeitwa mtundu. Shuleni niliitwa mtundu. Mchumba wangu wa kwanza, mama yake alisema hataki mkwe mtundu. Mama yangu mwenyewe, ninapovunja sahani, hutazama mguu wangu kabla hajatazama sahani. Na yote yametokana na maneno yako, kwamba ulipogeuka ulinikuta nachezea pete.

Nilikuwa na miaka tisa, sikuwa kipofu. Ilikuwa likizo ya Agosti. Nilikuletea uji bandani. Nani aliyeniita karibu na lile tairi, mjomba? Aliniambia nini? Mimi nakumbuka neno moja tu, na sitaliandika. Liandike wewe.

Sijawahi kumwambia mama. Nilingoja useme wewe. Nimengoja mpaka nimekuwa mkubwa.

Mpira mwepesi, vipande viwili vinatosha. Na hilo neno.

Bernadetha


Nyakisasa, Ngara
10 Novemba 1996

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Mwezi umepita, hujajibu. Madereva wawili wameniambia wamekuona bandani, mzima, unapiga nyundo.

Sijabadilisha tarehe. Ni Jumapili mbili kutoka leo. Ukinyamaza nitapiga hivyo hivyo juu ya chuma, na nikianguka nitaanguka nikiwa nimekaa mbele.

Bernadetha


Lusahunga, Biharamulo
18 Novemba 1996

Kwa Bernadetha binti ya dada yangu,

Salamu. Sina habari za nyumbani leo, au ninazo lakini si wakati wake. Barua hii nimempa dereva mkononi, nimemwambia asipoifikisha asije tena kwangu na tairi.

Ulisema kweli. Gundi niliacha kukuambia makusudi. Unene pia nilijua. Nilitaka kushindwa kwako kuwe kwa mpira, kusiwe kwa mguu. Ni akili mbovu, lakini ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Barua yako ya Oktoba niliisoma, nikaiweka chini ya jeki. Kila nikiinua lori naiona. Siku moja nikachukua ile karatasi ya mguu, nikaiweka juu ya ubao, nikaitazama kama unavyotaka. Una mguu mzuri, mwanangu. Mkubwa kama wa mama yangu. Sikujua.

Basi nikatengeneza pedali. Nilichukua kipande cha bati nene, nikakining'iniza chini ya kigoda kwa springi ya kiti cha lori. Nikafunga vidole vyangu vitatu vya mguu wa kushoto kwa kamba, nikavikunja vikalala chini. Nikaloweka mguu kwenye ndoo, nikaanza kukanyaga. Nimekanyaga kwa siku kumi. Wateja wakamwambia Mama Nshoma amlete Padri. Nimegundua hivi: mguu wako hautelezi mbele, unateleza kwa pembeni, upande ule kidole gumba kilipokuwa, kwa kuwa hakuna cha kuuzuia. Meno marefu hayasaidii. Kinachotakiwa ni ukingo.

Kwa hiyo nimechukua ubavu wa tairi, si mgongo, maana ubavu ni mwepesi. Nimeukata kwa kisu kilicholoweshwa maji, nikaupunguza mpaka ukawa mwembamba kama ganda la muhogo. Nimechora mistari ya mshazari kwa ncha ya kisu, inayopanda kuelekea upande ule unaokutupa, na mwisho wake nimeacha ukingo mdogo. Utausikia kwa unyayo bila kutazama. Kwaruza kwa tupa kwanza. Gundi pande zote. Ngoja ikauke, hesabu Baba Yetu kumi, gusa kwa mgongo wa kidole. Isiposhika, ndipo ubandike. Ukishabandika haitoki mpaka chuma kioze.

Sasa ukurasa wa pili. Msomee mama yako. Msomee wote, usiruke.

*Dada Avelina. Mimi Ansbert. Mwaka 1983 nilikuwa najaza upepo tairi la lori la mtu mwenye haraka. Kila fundi anajua, kabla ya kujaza upepo unapitisha mnyororo kwenye rimu, ili ile pete ya chuma inayolifunga tairi isiruke na kuua mtu. Mnyororo ulikuwa umetundikwa ukutani, hatua nne. Sikwenda kuuchukua. Pete ilikuwa haijakaa sawa, inachezacheza. Mtoto wako alikuja na uji. Nilimwambia, weka uji chini, njoo. Nikamwonyesha ukingo wa pete, nikamwambia: Kanyaga hapo. Alikanyaga. Alikanyaga vizuri, kwa nguvu zake zote, akanitazama aone kama nimeridhika. Mimi nikaendelea kujaza upepo.*

*Hakucheza na chochote. Mtoto wako hakuwa mtundu. Nilisema hivyo kwa sababu uliniuliza mbele ya watu, na mdomo wangu ukakimbia kabla yangu. Baadaye ningeweza kusema, sikusema. Ndiyo maana siji huko. Si kazi nyingi.*

Bernadetha, neno ulilolingoja ni hilo. Sasa limeandikwa.

Ansbert


Nyakisasa, Ngara
1 Desemba 1996

Mjomba Ansbert,

Shikamoo.

Nimekaa wiki nzima na kalamu. Nianze na habari za watu. Kambini hakukaliki. Kuna maneno kwamba Wanyarwanda wote watarudishwa kwao kabla ya mwaka kuisha, watu wanauza sufuria, wengine wanaficha. Nduwayo anasema yeye ni Mrundi, hayamhusu, lakini amefunga cherehani yake kamba tayari kwa kubebwa. Mama hajambo.

Barua yako ilifika Alhamisi, nikiwa nyumbani kwa ruhusa ya sikukuu. Niliisoma peke yangu kwanza. Halafu nikamsomea mama ukurasa wa pili, sikuruka. Alikuwa anachambua maharage. Nilipomaliza, aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Akaniambia, "Soma tena pale ulipomtazama." Nikasoma tena. Akainuka, akaja akanishika mguu, huu wa kushoto, akauweka mapajani mwake kama nilipokuwa mdogo. Akasema, "Nimekutukana miaka kumi na mitatu." Tukalia, mjomba. Wewe hukuwepo na nilifurahi kwamba hukuwepo.

Ijumaa nilibandika mpira. Nilisali Baba Yetu kumi, nikaongeza mbili kwa sababu sikuamini mahesabu yako. Ukashika. Nilipoweka mguu, ule ukingo ulinipokea. Nimetafuta namna nyingine ya kusema, sijaipata. Pedali zikakaa kimya mpaka nilipoziambia.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Nilivua viatu nikiwa nje, nikapita katikati peku mpaka mbele, watu wote wakautazama. Wengine walikuwa hawajawahi kuuona, kama wewe. Nikaona waache wamalize kutazama, ndipo nikae.

Kabla ya wimbo wa mwisho Mwalimu Idefonsi aliinuka kutangaza. Angeweza kutangaza tu. Lakini akasema, "Sasa tutaona kama yule mtoto wetu mtundu amekua." Mikono ikaenda midomoni.

Mama akasimama. Unajua goti lake. Alisimama bila kushika benchi. Akasema kwa Kiswahili, si kwa Kihangaza, ili hata katekista mgeni aelewe: "Mwanangu hakuwa mtundu. Alitumwa na mkubwa, akatii. Aliyemtuma ni ndugu yangu wa tumbo moja, na ameandika kwa mkono wake. Mwenye swali aje nyumbani asomewe." Akakaa. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaonyesha gitaa kwa kidole.

Nikapiga. Ubeti wa kwanza noti ya pili ilitoka chafu, sikudanganyi. Lakini mguu haukuteleza. Ubeti wa pili kwaya ilianza kunifuata. Wa tatu jasho likaja, nikalisikia likishuka mpaka kwenye unyayo, nikasema haya, sasa. Nikabingirisha mguu kutoka pedali ya kwanza kwenda ya pili, ukakaa. Nikarudi, ukakaa. Ubeti wa sita nilipiga taratibu kuliko inavyotakiwa, kwa makusudi, ili Mwalimu apate nafasi ya kuona vizuri.

Alikuja baada ya misa. Aliniambia gitaa limelia vizuri, lakini kamati itakaa tena mwakani iangalie. Nikamwambia, "Mwakani nitakuwa nimekaa hapa hapa, Mwalimu." Nikanyoosha mkono. Hakujifanya haelewi. Akatoa ile spana mfukoni akaniwekea kiganjani. Nimeitundika ukutani chumbani kwangu, na haitoki.

Sasa wewe. Nilidhani ukilisema lile neno nitakuwa nimekusamehe papo hapo. Sivyo ilivyokuwa. Hasira imepungua, haijaisha, na sitaki ufikiri imeisha kwa sababu mpira wako ni mzuri. Sitakusamehe kwa barua. Mambo haya yalianza ana kwa ana, yataisha ana kwa ana.

Mama anasema uje Krismasi. Amekwisha kumwambia jirani wa migomba kwamba anataka pombe ya lubisi ya wageni. Alipoulizwa mgeni gani, akasema kaka yake, kwa sauti ya kawaida. Usilete unga wala sukari. Lete mguu wako.

Ukifika utanikuta kigangoni na gitaa. Nitainuka, nitakupisha kwenye kigoda. Utavua kiatu. Nitakuonyesha pedali ya kwanza, ile yenye ukingo wako, na safari hii nitasema mimi: Kanyaga hapo, mjomba. Nimeikagua mwenyewe.

Mpwa wako,
Bernadetha